Kurudiwa na Kurudi: Siku Hamsini za Kaab bin Malik

Darsa ya usiku wa Ramadhani, iliyotolewa baada ya sala ya Tarawehe. Imenakiliwa kutokana na sauti iliyorekodiwa, na mzungumzaji ameipitia.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baad.



Juzi, baada ya futari, mzee wetu mmoja alingoja mpaka wenziwe wakaondoka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Sheikh, ikiwa Mwenyezi Mungu ananipenda, mbona ananibana hivi?” Sikumjibu papo hapo, kwa sababu swali la namna ile halijibiwi mtu akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi. Nilimwahidi kwamba nitalizungumza usiku wa leo bila ya kumtaja, na ninyi nyote mtafaidika naye.

Wazee wetu wa mwambao walikuwa na neno ambalo vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza huenda hawalijui kwa maana yake hii. Walisema “kumrudi mtoto”. Mtoto akikosa, mzazi humrudi: humkanya, humtia adabu, humnyima kitu akipendacho mpaka ajirekebishe. Adhabu yenyewe waliiita marudi. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, nalo ni lile lile tunalolitumia tunaposema tunarudi nyumbani. Aliyemrudi mtoto alikuwa anamrejesha mahali pake. Na neno toba nalo, katika Kiarabu, maana yake ya asili ni kurejea. Kwa hiyo, ndugu zangu, swali la mzee wetu nitalijibu kwa kisa cha mtu aliyerudiwa na Mola wake kwa siku hamsini, naye akarudi. Mtu huyo ni Sahaba mtukufu Kaab bin Malik, Mwenyezi Mungu awe radhi naye.

Twende katika mwaka wa 9 wa Hijria, yaani mwaka 630 kwa hesabu ya Miladia. Zilifika Madina habari kwamba Warumi wanakusanya majeshi upande wa Sham. Mtume (S.A.W.) akawaamrisha Waislamu wajitayarishe kwenda Tabuk, upande wa kaskazini, mwendo wa karibu kilomita 700 kutoka Madina. Ilikuwa desturi yake, anapokusudia vita, asitaje waziwazi sehemu anayoielekea. Safari hii aliitaja, kwa sababu njia ilikuwa ndefu, jua kali, jangwa pana na adui mwingi, ili kila mtu ajiandae ipasavyo. Jeshi hilo likaitwa Jaishul-Usra, Jeshi la Dhiki. Sayyidna Uthman bin Affan alitoa mali nyingi kuliandaa. Mafakiri waliokosa vipando waligeuka nyuma huku macho yakibubujika machozi, kwa huzuni ya kutopata cha kuwawezesha kwenda. Waandishi wa Sira wanataja kwamba waliotoka walifikia watu 30,000. Na huo ndio uliokuwa wakati ambao matunda yameiva na vivuli vimekuwa vitamu.

Kaab alikuwa Answari, wa ukoo wa Bani Salima katika kabila la Khazraj. Alikuwa miongoni mwa waliotoa bai'a ya Aqaba kabla ya Hijra, na alikuwa mshairi aliyeutetea Uislamu kwa ulimi wake, pamoja na Hassan bin Thabit na Abdullah bin Rawaha. Vita vya Badr hakuhudhuria, lakini kwa Badr hakulaumiwa mtu aliyebaki, maana Waislamu walitoka kuufuata msafara wa Makureshi, hawakutoka kwa miadi ya vita. Baada ya hapo hakuachwa nyuma katika safari yoyote ya Mtume mpaka ilipokuja Tabuk.

Kisa chake hatukukipokea kutoka kwa watu wa pembeni. Alikisimulia mwenyewe. Katika uzee wake Kaab alipofuka, na mwanawe Abdullah ndiye aliyekuwa akimshika mkono na kumwongoza njia. Mwana huyo ndiye aliyesimuliwa na babaye. Kwa kupitia ukoo huo kisa kikamfikia Imamu Ibn Shihab Zuhri, aliyefariki mwaka wa 124 Hijria, na baadaye kikaandikwa kwa urefu katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Tulizingatie hili tangu mwanzo. Mtu huificha aibu yake, hasa mbele ya watoto wake. Kaab alikihifadhi kisa cha kosa lake na adhabu yake, akawarithisha wanawe, sehemu baada ya sehemu, bila ya kujipamba.

Alikiri kwamba hakuwa na udhuru hata mmoja. Hajapata kuwa na nguvu wala wasaa kuliko alivyokuwa wakati ule. Hakuwahi hata siku moja kumiliki vipando viwili kwa pamoja isipokuwa kwa safari ile. Kilichomwangusha ni kuahirisha. Alikuwa akitoka asubuhi kwenda kujiandaa na wenzake, kisha akirudi hakufanya kitu, huku akijiambia kwamba uwezo anao na wakati wowote atakapotaka atajitayarisha. Mtume akaondoka na Waislamu, siku ya Alhamisi, naye hajafunga hata mzigo. Akajiambia kwamba baada ya siku moja au mbili atawafuata na kuwapata. Siku zikapita, jeshi likawa limekwenda mbali. Alipotembea katika mitaa ya Madina, jambo lililomhuzunisha ni kwamba hakumwona mtu wa kujifananisha naye: ama ni mtu anayejulikana kwa unafiki, ama ni mnyonge aliyesamehewa na Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, hakuna katika sisi asiyeijua hali hii. Hakukataa amri. Hakuwa na chuki na dini. Alisema “kesho” mara nyingi mno.

Kule Tabuk, Mtume (S.A.W.) alipokuwa amekaa na watu, aliuliza habari za Kaab. Mtu mmoja wa Bani Salima akamteta, akasema kwamba kilichomzuia ni nguo zake nzuri na kujitazama mabega. Muadh bin Jabal akamkemea mtu yule, akasema kwamba wao hawamjui Kaab ila kwa kheri. Mtume akanyamaza. Hapa tayari kuna jambo la kuzingatia: katika jeshi la watu wengi kiasi kile, ambao hawakuwa wameandikwa katika daftari lolote, kutokuwapo kwa mtu mmoja kulijulikana na kuulizwa. Mtu asiyependwa hapotei machoni pa mtu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Mtume akarejea Madina. Kila alipotoka safari, alikuwa akianzia msikitini, akasali rakaa mbili, kisha akakaa kuwapokea watu. Wakamjia waliobaki nyuma, zaidi ya watu themanini, wakitoa nyudhuru na kuapa. Mtume akazipokea nyudhuru zao kwa dhahiri yake, akapokea bai'a zao, akawaombea msamaha, na siri za nyoyo zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Wakaenda zao nyumbani siku ile ile, hakuna aliyewagusa.

Kisha akaingia Kaab. Mtume alitabasamu tabasamu la mtu mwenye ghadhabu, akamwita, akamkalisha mbele yake, akamuuliza kilichomfanya abaki, na kwani hakuwa amekwisha nunua kipando chake? Kaab hakuwa mtu wa kushindwa na maneno. Alikuwa na ufasaha, na njiani alikwisha fikiria uongo wa kumwokoa, akawashauri hata wenye busara katika jamaa zake. Lakini alipokaa pale alisema ukweli mtupu. Alisema kwamba leo angeweza kumridhisha Mtume kwa uongo, na Mwenyezi Mungu angemfichua kesho. Na kwamba hana udhuru wowote. Mtume akasema kwamba huyu amesema kweli, akamwamuru ainuke mpaka Mwenyezi Mungu atakapopitisha hukumu juu yake.

Jamaa zake wakamfuata wakimlaumu: kwa nini hakutoa udhuru kama wenzake, ili istighfari ya Mtume imtoshe? Wakamshikilia mpaka akakaribia kurudi kuyakanusha maneno yake. Ndipo alipouliza kama yuko mwingine aliyejibu kama yeye, akaambiwa wako wawili: Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya. Alipowasikia watu wema hao, akaendelea na njia yake.

Mtume (S.A.W.) akawakataza Waislamu wasiseme na hawa watatu. Hukumu iliyoonekana ikawa hivi: waliosema uongo wakasalimika, na waliosema kweli wakasuswa. Kama tungekuwa Madina siku ile na tukaulizwa ni nani anayependwa na Mwenyezi Mungu, wale zaidi ya themanini au hawa watatu, wengi wetu tungeonesha kidole upande usio wenyewe. Waliokuwa huru walikuwa wameachiwa siri zao, na kuachiwa huko kulikuwa kukubwa kuliko adhabu yoyote ya watatu hawa. Aya zilizokuja kuteremka baadaye juu ya walioapa kwa uongo ni miongoni mwa aya kali zaidi katika Suratut-Tawba. Imamu Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas maana ya maneno ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu anapomtakia mja wake kheri humharakishia adhabu hapa duniani, na asipomtakia kheri huizuia mpaka akamlipa kwayo Siku ya Kiyama.

Basi tuyatazame marudi yenyewe yalivyokuwa. Murara na Hilal walijifungia majumbani wakilia. Kaab ndiye aliyekuwa kijana zaidi na mwenye nguvu zaidi, akawa anatoka, anahudhuria sala pamoja na Waislamu, anatembea masokoni, na hakuna anayemsemesha. Ardhi ikabadilika machoni pake, ikawa kama si ile aliyoijua. Alikuwa akimwendea Mtume baada ya sala, akamtolea salamu, kisha akajiuliza: je, midomo yake imetikisika kwa kunijibu, au haikutikisika?

Kisha anaeleza jambo ambalo mimi, kila nilisomapo, hunibidi nikiweke kitabu chini kwanza. Alikuwa akisali karibu na Mtume na akimwibia jicho. Akaona kwamba yeye anapoielekea sala yake, Mtume humtazama. Na anapogeuka kumwelekea Mtume, Mtume huuondoa uso wake.

Ndugu zangu, hapa ndipo lilipo jibu la mzee wetu. Kaab alinyimwa salamu, akanyimwa mazungumzo, lakini hakuna siku aliyonyimwa jicho. Alikuwa akitazamwa wakati ule ule aliodhani ameachwa. Na alitazamwa katika sala, yaani wakati alipokuwa ameelekea anakotakiwa aelekee. Tena mlango wa msikiti haukufungwa. Katika siku hizo zote hamsini hakuna aliyemwambia asiingie safuni. Marudi ya Mola wetu yaliziba njia nyingi na kumwachia moja iliyo wazi, ile ya kibla.

Siku zikawa ndefu. Kaab alipanda ukuta wa bustani ya Abu Qatada, binamu yake na mtu aliyempenda kuliko watu wote. Akamtolea salamu, asimjibu. Akamwapiza kwa Mwenyezi Mungu amwambie kama hajui kwamba yeye anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kimya. Akamwapiza tena. Kimya. Mara ya tatu Abu Qatada akasema tu kwamba Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuzi zaidi. Kaab akabubujikwa na machozi, akaupanda ukuta akatoka.

Angalieni alichokiuliza. Hakuuliza adhabu itakwisha lini. Aliomba ashuhudiwe kwamba anapenda. Hakuwa na hofu ya kutengwa na watu kama alivyokuwa na hofu ya kutengwa na mapenzi hayo.

Ikaja siku, akiwa sokoni, mfanyabiashara wa Kinabati kutoka Sham, aliyeleta chakula kukiuza Madina, akawa anamuulizia. Watu wakamwashiria. Akampa barua kutoka kwa mfalme wa Ghassan, Waarabu wa Sham waliokuwa pamoja na Warumi. Maana ya barua ilikuwa kwamba amepata habari kuwa bwana wake amemtupa, naye hakuumbiwa kukaa mahali pa kudharauliwa. Basi aje kwao, watamliwaza. Hebu fikirieni: jeshi limekwenda Tabuk kwa sababu ya Warumi na washirika wao, na sasa washirika hao wanampelekea mkono mtu mmoja aliyevunjika moyo katika soko la Madina. Mtu aliyesuswa na nduguze amekuwa mawindo rahisi. Kaab aliposoma alisema moyoni kwamba huu nao ni mtihani, akaiendea tanuri, akaichoma barua ile.

Wale wa Ghassan walimpa heshima, cheo na maneno matamu katika saa moja. Mtume hakumpa hata neno moja kwa siku nyingi. Kaab akajua ni nani kati ya hao wawili anayemtaka yeye mwenyewe, na ni nani anayemtaka kwa faida yake. Asiyekutakia kheri hapati taabu ya kukurudi.

Zilipotimia siku arubaini, alikuja mjumbe wa Mtume na amri kwamba ajitenge na mkewe. Kaab akauliza: ni kumwacha, au afanyeje? Akajibiwa kwamba asimwache. Amwepuke tu asimkaribie. Akampeleka mkewe kwa jamaa zake akae huko mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu. Mke wa Hilal bin Umayya yeye alimwendea Mtume, akaeleza kwamba Hilal ni mzee asiye na mtumishi, je, akimhudumia ni vibaya? Mtume akamruhusu, ila asimkaribie. Basi hata hapa, adhabu inapozidi kukaza, mipaka yake inaonekana. Ndoa haikuvunjwa. Mzee hakuachwa bila wa kumpikia.

Katika mapokezi ya Ibn Ishaq, Mtume alirejea Madina kutoka Tabuk katika mwezi wa Ramadhani, mwezi kama huu tulio nao. Tukishika mapokezi hayo, basi siku hamsini zilizoanza ndani ya Ramadhani haziwezi kwisha bila ya kupita juu ya Idi. Yaani watatu hawa walifunga na watu wasioitikia salamu zao, na ikawapita Idi bila mkono wa kuwapa pongezi. Ndugu zangu mlio mbali na kwenu, mnaofuturu peke yenu katika chumba kimoja baada ya zamu ya usiku, mnaijua ladha ya futari ya namna hiyo. Mjue basi kwamba walikwisha ionja watu walio bora kuliko sisi.

Ukafika usiku wa hamsini. Kaab alisali alfajiri juu ya dari ya moja ya nyumba zake, nafsi yake imembana na ardhi imemwia nyembamba pamoja na upana wake. Ghafla akasikia sauti ya mtu aliyepanda mlima Sal'i akipaza kwa nguvu zake zote: anamwita Kaab kwa jina lake, anampa bishara njema. Kaab akaporomoka akasujudu. Nilipokuwa mwanafunzi Madina nilikuwa nikiutazama mlima huo. Hauko mbali na Msikiti wa Mtume, mtu huufikia kwa miguu. Mtu mmoja alikuwa ametoka kwa farasi kumkimbilia Kaab, na mwingine wa kabila la Aslam akaona farasi atachelewa, akapanda mlima akapiga ukelele. Sauti ikamtangulia farasi. Kaab akavua nguo zake mbili akamvisha aliyempa bishara, na siku ile hakuwa na nyingine. Akaazima nguo mbili, akaenda zake msikitini.

Hapo ndipo ilipojulikana kilichokuwa nyuma ya ukimya wa siku zote zile. Watu wakampokea makundi kwa makundi wakimpongeza. Talha bin Ubaydullah aliinuka akamjia mbio akampa mkono, na Kaab hakumsahau Talha kwa jambo hilo maisha yake yote. Katika mapokezi mengine ya Bukhari imetajwa kwamba msamaha ulishuka katika theluthi ya mwisho ya usiku, Mtume akiwa kwa Ummu Salama, mama wa waumini, ambaye alikuwa akilitakia kheri jambo la Kaab. Alipoambiwa tu, akataka kumpelekea mtu usiku ule ule ampe habari. Mtume akamzuia, kwa kuwa watu wangejazana na kuwanyima usingizi usiku kucha. Kumbe mji mzima ulikuwa ukingoja! Hakuna aliyefurahia adhabu ile. Walikuwa wamefungwa midomo kwa amri, na nyoyo zao zilikuwa pamoja naye. Uso wa Mtume mwenyewe ulikuwa uking'aa kwa furaha, akambashiria kwamba hii ni siku bora iliyompitia tangu azaliwe na mama yake. Kaab akauliza kama msamaha huo unatoka kwake au kwa Mwenyezi Mungu, akaambiwa unatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Alipotaka kutoa sadaka mali yake yote kwa shukrani, Mtume akamwambia abakishe sehemu yake. Marudi yamekwisha, sasa aliyerudiwa anahurumiwa hata asijidhuru kwa furaha.

Aya ya 118 ya Suratut-Tawba inawataja watatu hao. Nitaeleza mambo mawili katika maana yake. La kwanza, aya inawaita “walioachwa nyuma”, na Kaab mwenyewe alifafanua kwamba maana yake si kubaki kwao nyuma ya jeshi. Ni kule kuahirishwa kwa jambo lao, wakangojeshwa na wenzao wakamalizwa. Yaani Mwenyezi Mungu aliwataja kwa kungoja kwao, hakuwataja kwa kosa lao. La pili, mpangilio wa aya. Inaeleza dhiki yao, kisha inasema kwamba Mwenyezi Mungu aliwaelekea kwa rehema ili wao wapate kutubia. Wafasiri wamelisimamia hili: toba ya Mola imetangulia, na toba ya mja imefuata. Kaab alidhani kwa siku hamsini kwamba yeye ndiye anayemtafuta Mola wake. Aya ikamfahamisha kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Sasa nina maonyo mawili, na la pili linanihusu mimi.

La kwanza: kisa hiki kisitufanye mahakimu wa mitihani ya wengine. Kaab alilijua kosa lake, na wahyi ukateremka juu yake. Sisi hatuteremshiwi wahyi. Ukimwona ndugu yako ameugua, amefiwa na mtoto, ameachishwa kazi au amekataliwa karatasi zake za ukaazi, usimwambie kwamba Mola anamrudi. Manabii wamepata mitihani mikubwa kuliko watu wote, na haikuwa kwa makosa yao. Mtu ajiulize mwenyewe faraghani, kati yake na Mola wake, kama kuna jambo anaitwa alirekebishe. Kwa mwenzake wajibu wake ni kumpelekea chakula na kukaa naye. Na kwa mzee wetu aliyeniuliza nasema: mimi sijui kwa nini umebanwa. Najua tu kwamba kubanwa si dalili ya kuachwa, na kwamba njia ya kibla iko wazi.

La pili: miaka kadhaa iliyopita mwanangu mmoja alinikosea kosa kubwa. Nikaacha kusema naye. Wiki zikapita, kisha miezi. Mke wangu aliponisihi, nilimtolea dalili ya kisa hiki hiki cha Kaab, mimi msomi. Usiku mmoja nilikuwa nikikipitia ili nikifundishe, nikafika pale Kaab anaposema kwamba Mtume alikuwa akimtazama akisali. Nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nilimtazama mwanangu. Sikukumbuka. Mtume alisusa kwa amri ya Mola wake, na jicho lake halikumwacha mtu. Mimi nilisusa kwa hasira ya nafsi yangu, na jicho nililiondoa kabisa. Tena sheria imetukataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu kwa ugomvi wa dunia, nami nilikuwa nikilijua hilo. Na wakati nilipokuwa nimenyamaza, mwanangu alikuwa amekwisha pata barua zake za Ghassan: watu wengine wakimwitikia salamu.

Nilikwenda kumgongea mlango wa chumba chake. Usiku ule hakunifungulia. Alinifungulia siku ya tatu, na ilichukua muda mrefu zaidi ya huo kuyaponya tuliyoyaharibu. Nawaelezeni haya, enyi akina baba, kwa sababu Kaab hakuona haya kuwaeleza wanawe yake. Kumrudi mtoto ni wajibu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini marudi yasiyo na kikomo, yasiyo na jicho na yasiyo na mlango, hayo si marudi. Hayamrudishi mtu popote. Aliye na mwana, au ndugu, au rafiki aliyemnyamazia, Idi isimkute katika hali hiyo. Asimngoje yeye aanze; Mola wetu ndiye aliyeanza kwa wale watatu.

Ewe Mola wetu, usituache na siri za nafsi zetu. Ukituona tumepotea, turudi kwa upole wako, na uturudishe kwako. Utujaalie ukweli kama ulivyomjaalia Kaab, na subira ya kungoja mpaka alfajiri yetu. Wahurumie wazazi wetu waliotutia adabu kwa mapenzi, na utusamehe sisi tulipowatia watoto wetu uchungu kwa hasira. Zikubali saumu zetu na sala zetu, na uwape faraja wote waliobanwa. Amin, amin, ya Rabbal-Alamin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.